Sukuma au Subiri? Usiku Mmoja Nje ya Wodi ya Wazazi, Kibugu

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo ukiziweka pamoja katika chumba kimoja zitagombana mpaka alfajiri. Moja yasema haraka haraka haina baraka. Ya pili yajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa miaka mingi nimezitumia zote mbili, kila moja kwa wakati wake, kama afanyavyo kila Mswahili, wala sikuona tabu. Lakini nilipokuwa nimekaa juu ya benchi la mbao nje ya wodi ya wazazi, huko upande wa Kibugu katika kaunti ya Embu, usiku wa baridi kali, hali binti yangu yumo ndani na uchungu wa mimba yake ya kwanza, nilizisikia methali hizo zikigombana kweli kweli. Na safari hii tumbo lililokuwa likizungumzwa halikuwa la mfano.

Najua wako watakaosema mambo haya si ya mwanamume kuyaandika gazetini. Nawaomba radhi mapema. Stara ni jambo jema, nami nimelelewa chuoni, mbele ya mwalimu na ubao, nikafunzwa haya. Lakini chuoni humo humo tulisomeshwa Sura ya Maryam, na katika sura hiyo Mwenyezi Mungu hakuacha kutusimulia uchungu wa mwanamke: jinsi ulivyomsukuma mpaka kwenye shina la mtende, na jinsi alivyotamani kuwa angalikufa kabla ya siku ile. Ikiwa habari hiyo husomwa na wanaume katika mihrabu, basi si vibaya baba na babu wa leo kuizungumza kwa adabu. Isitoshe, hatari tusiyoizungumza haituondokei kwa kuwa tumeinyamazia.

Kwa asiyepajua, Kibugu iko upande wa juu wa Embu, kwenye mitelemko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya. Ukitoka Mombasa unafululiza hadi Nairobi, kisha unashika njia ya Embu, mwendo wa kilomita 120 na ushei. Kutoka Embu mjini gari ndogo ya abiria hukupandisha mlimani, kwanza katikati ya migomba na kahawa, halafu katika mashamba ya chai yaliyosawazishwa vichwa kama zulia la msikitini. Udongo ni mwekundu, ukungu hushuka asubuhi, na mtu wa pwani huvaa koti juu ya kanzu na bado akatetemeka. Msikiti niujuao mimi uko Embu mjini. Adhana ya alfajiri tuliitegemea simu ya mkwe wangu.

Mkwe wangu ni kijana wa Pate anayesomesha hesabu katika shule moja ya huko, na binti yangu, ambaye ni mwalimu pia, alimfuata. Mimba ilipofika mwezi wa nane tulitaka ateremke pwani, kama ilivyo desturi yetu kwamba mwana wa kwanza huzaliwa kwao mke. Yeye akakataa. Akasema daktari amemwonya asifanye safari ndefu, na kliniki yake iko karibu, na muuguzi amemzoea. Basi mlima usipokuja pwani, pwani hupanda mlimani. Tukafunga safari watu watatu: mke wangu, dada yangu mkubwa, na mimi.

Dada yangu ni mkunga wa jadi. Hakusomea hospitali, amesomea mikononi mwa bibi yetu, naye bibi kwa mamake. Siku hizi hazalishi tena. Huwapeleka wazazi hospitali na kukaa nao, akiwakanda migongo kwa mafuta ya nazi na kuwasomea dua. Lakini maoni yake hajayastaafisha.

Jioni ya kwanza tu, jikoni, mjadala ukazuka. Alikuwapo mama mmoja jirani, mwenyeji wa huko, mzee wa heshima ambaye binti yangu humwita shosho. Alikuja na chai ya maziwa ndani ya chupa na ndizi zilizopikwa. Akamtazama binti yangu, akampapasa bega, akasema, "Mwalimu, mtoto wa kwanza hataki mchezo. Uchungu ukianza, ujikaze usukume. Kwetu mwanamke halii, anakaza."

Dada yangu akaweka kikombe chini. "Dada yangu, mtoto ni mgeni. Mgeni hufunguliwa mlango, havutwi kwa kanzu. Akifika kizingitini atagonga mwenyewe, na mwenye nyumba atasikia."

"Na asipogonga?"

"Atagonga."

Wakacheka wote wawili, lakini kila mmoja alibaki na lake. Mke wangu hakucheka. Aliinuka, akatoka nje, akasimama kwenye ukungu akitazama majani ya chai. Sikumwuliza kitu. Nilijua ameenda wapi: amerudi mwaka 1996.

Mwaka huo tulikuwa vijana na tukingojea mtoto wetu wa kwanza. Nilimpeleka hospitali moja, jina lake si muhimu na waliokuwako labda wamekwisha kustaafu. Alifika saa kumi na mbili za magharibi. Kwa maelezo yake mwenyewe, alianza kuambiwa asukume kabla ya saa mbili za usiku, naye mwili wake haukuwa ukimwambia hivyo. Akafungwa maneno: sukuma, bana pumzi, usipoteze nguvu kwa kulia, unataka kumwua mtoto? Alisukuma mpaka mishipa ya macho ikapasuka. Ilipofika wakati wa kusukuma kweli, hakuwa na nguvu iliyobaki hata ya kuinua mkono. Mtoto, mwanamume, alizaliwa karibu na alfajiri, wala hakulia.

Sitasema kwamba kusukuma kabla ya wakati ndiko kulikomwua mtoto yule. Elimu hiyo sina, na kadari ya Mungu hairudishwi kwa kalamu. Lakini mke wangu alibaki miaka mingi akiamini kwamba yeye ndiye aliyeshindwa. Kwamba laiti angalikaza zaidi, mwanawe angaliishi. Hilo ndilo lililonifanya niwe na hamu ya kujua: je, ni kweli mama huambiwa asukume, au mwili wake unajua?

Siku mbili kabla ya kujifungua, binti yangu alikwenda kliniki, nami nikamfuata. Muuguzi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenyeji wa huko, mpole na mwepesi wa maneno. Nikamwuliza swali langu. Alinitazama kidogo, pengine akishangaa mzee mwenye kofia ya vitobo anauliza nini, kisha akanijibu kwa upole.

"Mzee, kuna nyakati tatu. Ya kwanza, mlango wa kizazi unafunguka mpaka sentimita 10. Hapo hakuna kusukuma. Akisukuma anachoka bure, na ule mlango unaweza kuvimba. Ya pili, mlango umefunguka wote, mtoto anashuka. Hapo hamu ya kusukuma huja yenyewe, kama mtu anayetaka kupiga chafya. Ya tatu ni kondo la nyuma. Kazi yangu ni kujua tuko wapi. Nikikosea hapo, kila ninachomwambia mama ni makosa."

Maneno hayo yalinitosha kuanzia, nami nikayafuata vitabuni, maana mwandishi akipewa uzi huutafuta mshono. Nikakuta kwamba hiyo hamu ijayo yenyewe si hadithi ya wakunga wetu. Mwaka 1941 mtaalamu J. K. W. Ferguson alieleza jinsi njia ya uzazi inapotanuka, mwili unavyopata habari na kuzidisha nguvu ya kizazi. Hata leo jambo hilo huitwa kwa jina lake. Mtoto anaposhuka na kugandamiza chini, homoni iitwayo oksitosini huongezeka, uchungu hukaza, na mama husukuma hata akiambiwa asisukume. Dada yangu huliita jambo hilo kugonga mlango. Ferguson aliliandika kwa Kiingereza.

Je, basi, ule ukelele wa bana pumzi na sukuma ulitoka wapi? Hapa nilicheka peke yangu. Kitendo cha kufunga pumzi na kukaza kwa nguvu kina jina la tabibu wa Kiitaliano, Antonio Maria Valsalva, aliyefariki mwaka 1723. Bwana huyo hakuwa akizalisha. Alikuwa akitibu masikio! Katika kitabu chake cha mwaka 1704 juu ya sikio, alieleza mtu azibe mdomo na pua kisha apulize kwa nguvu, ili usaha utoke katika sikio. Jina lililoanzia sikioni likaishia katika chumba cha kuzalia, na wanawake wa karne ya 20 wakaamrishwa wakazane, wamelazwa chali, pumzi imefungwa, mtu anahesabu moja mpaka kumi.

Wapo walioipinga desturi hiyo zamani. Mwaka 1957 daktari wa Uingereza, Constance Beynon, aliandika makala akisihi kwamba wazazi waachwe wafuate miili yao badala ya kushurutishwa. Mwaka 1979 daktari wa Uruguay, Roberto Caldeyro-Barcia, alionya kwamba kufunga pumzi kwa muda mrefu hupunguza hewa safi imfikiayo mtoto. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilikiweka kitendo cha kumwamrisha mama asukume kwa pumzi ndefu iliyofungwa katika orodha ya mambo yenye madhara au yasiyofaa, ambayo yafaa yaachwe. Na mwaka 2018 Shirika hilo hilo likatoa mwongozo mpya, likasema kwamba mama aliyefikia hatua ya kusukuma ahimizwe na asaidiwe kuifuata hamu yake mwenyewe. Likaongeza kwamba achague mwenyewe namna ya kukaa, hata kama ni kwa kusimama au kuchuchumaa. Awe na mtu wake ampendaye karibu. Na tumbo lisigandamizwe kwa mikono ili kumtoa mtoto.

Nikamsomea dada yangu mwongozo huo. Akasema, "Bibi angaliwaambia bila ya kuwatoza nauli."

Lakini uadilifu wanilazimu niseme upande wa pili. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya tafiti mbalimbali zilizolinganisha mama aliyeamrishwa kusukuma na yule aliyeachwa afuate hamu yake. Hawakuona tofauti iliyo wazi katika muda wa uchungu, wala katika kuchanika, wala katika hali ya watoto. Na ushahidi wenyewe waliuona ni dhaifu. Tena mwaka 2018 huko Marekani ulitolewa utafiti wa wanawake zaidi ya 2,400 waliokuwa na mimba ya kwanza na waliodungwa ganzi ya mgongo. Mwenye ganzi hiyo haisikii vizuri hamu ya kusukuma. Nusu yao walisukuma mara mlango ulipofunguka. Nusu walingoja kiasi cha saa moja. Waliojifungua kwa njia ya kawaida walikuwa sawa pande zote mbili, lakini waliongoja ndio waliopata zaidi kutokwa na damu na maambukizo. Ganzi hiyo katika vijiji vyetu ni nadra, na kwa hivyo habari hiyo haitugusi sana. Hata hivyo yatufunza kwamba subira nayo ina bei yake.

Na wazee wetu wa elimu walisemaje? Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ametenga mlango mzima katika Muqaddima yake kwa ajili ya kazi ya ukunga, akaihesabu miongoni mwa kazi tukufu zisizoweza kukosekana katika mji. Anaeleza kwamba maumbile yenyewe yana nguvu ya kumtoa mtoto, na kazi ya mkunga ni kuisaidia nguvu hiyo kwa kumkanda mama mgongo na mapaja. Zingatia neno hilo, msomaji: kuisaidia. Hakusema kuichukua mahali pake.

Wafasiri wengi wakifika katika Sura ya Abasa, pale Mwenyezi Mungu anapotaja kuwa alimsahilishia mwanadamu njia, husema njia hiyo ni ile ya kutoka tumboni mwa mama. Na wazee wetu wa pwani waliandika kombe kwa zafarani, kwa aya za mwanzo za Sura ya Inshiqaq zinazotaja ardhi kutoa vilivyomo ndani yake, mama akanywa na kupakwa tumboni; desturi ambayo Ibn al-Qayyim ameitaja katika kitabu chake cha tiba. Sikumkataza dada yangu kombe. Nilimwomba tu kwamba maji yawe yamechemshwa.

Lakini mfano ulio bora ni wa Bibi Maryam. Hebu tuutazame tena. Hakuwa na mtu wa kumpigia kelele. Sauti iliyomjia ilimwambia asihuzunike. Akaelekezwa kwenye maji ya kunywa na tende mbivu za kula, na macho yake yatulie. Hata hivyo hakuambiwa akae kitako na kungoja: aliamrishwa alitikise shina la mtende. Ni nani katika sisi awezaye kulitikisa shina la mtende, tena akiwa na uchungu? Mola aliyeangusha tende alikuwa na uwezo wa kuziangusha bila ya mkono wake. Lakini alitaka naye atie mkono, kwa kadiri ya uwezo wake, si zaidi. Na kuhusu tende zenyewe, utafiti mdogo wa Jordan uliochapishwa mwaka 2011 uliwakuta waliokula tende sita kwa siku katika wiki nne za mwisho wa mimba wakifika hospitali mlango wa kizazi umefunguka zaidi kuliko wasiokula. Nilipeleka kilo tatu Kibugu.

Uchungu ulianza usiku wa Ijumaa, baada ya isha. Dada yangu akamkanda, tukasoma Yasini, mkwe wangu akatafuta gari. Jirani mwenye gari la kubebea majani ya chai akatubeba mpaka kituo cha afya. Muuguzi wa zamu, kwa bahati ya Mungu, alikuwa yule yule. Akampima: sentimita 8. Akamruhusu dada yangu aingie naye. Mke wangu hakutaka kuingia. Tukakaa kwenye benchi yeye na mimi, na shosho aliyetufuata na blanketi lake.

Saa nane za usiku tulisikia binti yangu akisema kwa sauti ya kite, "Shangazi, nataka kusukuma." Shosho akainuka nusu. "Asukume basi!" Ndani tukamsikia muuguzi, hakupandisha sauti, "Bado kidogo, mwalimu. Lala ubavu. Pumua kama unapuliza chai ya moto." Na dada yangu, "Puliza, mwanangu, puliza."

Mke wangu akanishika mkono. Aliniambia, "Mimi hakuna aliyeniambia bado."

Yaliyofuata nimesimuliwa na dada yangu. Karibu na saa tisa na nusu mlango ulikuwa umefunguka wote. Muuguzi hakusema sukuma. Alimwuliza, "Wataka kukaaje?" Binti yangu akapiga magoti juu ya godoro, akakumbatia ubao wa kitanda. Hamu ilipokuja alisukuma kwa pumzi fupi fupi, ikipita akapumzika, akanywa maji. Dada yangu alikuwa akimfuta jasho na huku amejaa furaha, maana yote yalikwenda kama bibi alivyokuwa akisema.

Kila baada ya uchungu muuguzi aliinama na kile kibaragumu chake, akasikiliza moyo wa mtoto. Mara ya sita au ya saba hakuinuka upesi. Akasikiliza tena. Kisha, asema dada yangu, uso ukabadilika lakini sauti haikubadilika. "Mwalimu, moyo wa mtoto umeanza kwenda polepole. Yuko karibu kabisa. Sasa sitangoja. Nataka unisaidie. Uchungu ukija sukuma kwa nguvu zako zote, nami nitakwambia ukomee wapi." Dada yangu alitaka kusema neno, akalimeza.

Sisi nje tulilisikia neno lile likitoka kwa mara ya kwanza: "Sukuma!" Mke wangu alifunika uso kwa mtandio. Nami, ambaye huandika beti kwa wepesi, nilitafuta dua nikakosa hata ile ya chakula. Sukuma, tena. Kisha muuguzi, "Basi, basi, acha, puliza." Kisha kimya. Kimya hicho nilikifahamu. Nilikisikia mwaka 1996.

Halafu mtoto akalia.

Baadaye dada yangu aliketi nami, alfajiri, ukungu ukipanda kutoka bondeni. Aliniambia jambo ambalo sikutegemea kulisikia kwake. "Ndugu yangu, mimi ningengoja. Ningesema mgeni anakuja mwenyewe. Sikuwa na sikio la kuusikia ule moyo." Akanyamaza, kisha akasema, "Yule msichana alijua wakati wa kunyamaza na wakati wa kusema."

Naona hilo ndilo jibu la swali langu, nami sina bora kuliko hilo. Sukuma si neno baya, na subiri si neno zuri. Ubaya wa neno ni kutolewa na asiyejua mahali mama alipofika. Aamrishaye kusukuma mlango ungali umefungwa humchosha mama bure. Na anyamazaye mtoto amekwama huzaa msiba: mtoto hufa, au mama hubaki na fistula, ile tundu ya kuvuja mkojo ambayo imewafanya wanawake wengi wa Afrika Mashariki watengwe na waume na jamaa. Mwongozo wa mwaka 2018 hueleza kwamba aghalabu mimba ya kwanza hutoka ndani ya saa 3 tangu mlango kufunguka wote, na zifuatazo ndani ya saa 2. Kutawakali bila ya kutazama saa ni kama yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila ya kamba, naye tunajua Mtume wetu alimwelekeza nini.

Kujua huko ni kazi, na kazi yataka watu na vyombo. Kule Unguja, katika hospitali ya Mnazi Mmoja, wauguzi na madaktari walishirikiana na wataalamu wa Denmark kuandika mwongozo mfupi wa kumwangalia mama na kumsikiliza mtoto, uliofaa hali yao wenyewe ya wodi iliyojaa, wakafanya mafunzo mara kwa mara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 katika kila watoto 1,000. Mashine mpya za kifahari hazikuhitajika. Watu walifundishwa kusikiliza.

Na kuna jambo la heshima. Kenya ilifuta malipo ya kujifungua katika hospitali za serikali mwaka 2013, na watu wakaitikia: uchunguzi wa taifa wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 61 ya watoto wamezaliwa katika vituo vya afya, na ule wa mwaka 2022 ukakuta asilimia 82. Ni maendeleo makubwa. Lakini mwaka ule ule wa 2013 mama mmoja alijifungua juu ya sakafu ya hospitali huko Bungoma, akapigwa kofi na kutukanwa na waliopaswa kumsaidia. Mwezi wa Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki zake zilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Mahakama haikuzungumza habari ya kusukuma wala kusubiri. Ilituambia tu kwamba mwanamke mwenye uchungu hageuki kuwa mtu wa kukemewa. Binti yangu aliamrishwa asukume, kwa sauti ya upole, akaambiwa na sababu yake. Mamake aliamrishwa kwa kelele bila ya sababu. Neno ni moja, lakini mmoja alitoka nalo na fahari na mwingine akatoka nalo na hatia ya miaka.

Nasi wanaume tusijitoe. Tuliodhani kazi yetu ni nauli na mbuzi wa akika, tuulize mapema: gari liko wapi usiku? Kituo kina nani? Iwapo patahitajika kupasuliwa, hospitali kubwa iko umbali gani? Kwa Kibugu jibu ni Embu mjini, na mkwe wangu alikuwa na nambari ya dereva mfukoni tangu mwezi uliotangulia. Nilimwona mwanamume kuliko mimi nilivyokuwa.

Waliponiita ndani, nilimchukua mjukuu wangu, msichana, amefungwa katika kanga ya nyanyake. Nikamsomea adhana katika sikio la kulia, na ikama katika la kushoto, sauti ikinikatika katika Hayya alal-falah. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani kwa binti yetu. Nilimsikia akimwuliza muuguzi, polepole, kama mtu aulizaye bei ya kitu asichoweza kukinunua, "Mwanangu, mtu akiambiwa asukume kabla ya wakati, na nguvu zikamwishia, kosa ni lake?"

Muuguzi hakujua kisa chetu. Alikuwa akiandika kwenye chati. Akainua uso, akasema, "Hapana, mama. Si kosa lake hata kidogo."

Mke wangu akaitikia kwa kichwa. Kisha akaomba chai. Alikuwa hajala kitu tangu magharibi.

Nimemwandikia mjukuu wangu beti moja, atakuja kuisoma akikua, na nyinyi wasomaji nawaazima:

Subira na kukimbia, kila moja ina siku,
Mwenye kuijua njia, hukuongoza usiku,
Mzazi anapolia, usimpe dukuduku,
Si kelele si shauku, ni ujuzi na Jalia.